Je, Wajua? Sinema Iliyotegemea Baiskeli

Wapitao Vuga, Zanzibar, wakilitazama jengo la Majestic huona gofu: uso wake umesimama, nyuma paa la ukumbi lilishaanguka. "Sinema yenyewe imekufa," husema wengine, "boksi tupu la kulilia nini?" Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Jengo la sinema halijawahi kuwa boksi. Lilikuwa mtambo, na watazamaji walikaa ndani yake.

Kiwanja kile kina historia ndefu ya picha. Mwaka 1921 ilifunguliwa Royal, iliyochorwa na John Sinclair, yule yule aliyechora jengo la Beit el Amani. Miaka ya 1950 ikaungua, na 1955 ikasimama Majestic mahali pake.

Sasa tuingie kwenye chumba cha mashine. Picha haikuja nzima. Ilikuja vipande vipande, kila kipande kimezungushwa kwenye rili yake. Rili ya futi 2,000 huisha kwa dakika 22 hivi, kwa hiyo picha la Kihindi la saa tatu lilihitaji kama rili tisa. Ndiyo maana mashine zilikuwa mbili. Moja ikiwaka, opereta anaipachika rili ya pili kwenye nyingine, jicho lake likingoja kidoa kitokee juu kulia kwenye skrini. Kidoa cha kwanza: washa mota. Sekunde saba hivi baadaye, kidoa cha pili: hamisha mwanga. Akiwa fundi, hakuna aliyejua kwamba rili imebadilika.

Lakini nakala ya picha ilikuwa ghali, na mara nyingi mji mzima ulipata moja tu, nayo ilisubiriwa mji mwingine. Wenye sinema za Zanzibar, washindani kabisa, wakabuni ujanja: sinema moja inaanza mapema, nyingine inafuata baadaye kidogo. Rili ya kwanza ikimalizika Majestic, kijana anaitia kwenye baiskeli na kukata vichochoro hadi sinema ya pili, kisha anarudi kuchukua inayofuata. Hivyo hivyo usiku kucha. Pancha moja, au mkokoteni uliokwama kichochoroni, na ukumbi mzima unabaki gizani ukipiga miluzi, stelingi akiwa ameachwa katikati ya ngumi. Ukiniuliza mimi, yule mwendesha baiskeli alikuwa sehemu ya mashine sawa na taa na lenzi.

Na jengo lenyewe? Sakafu yake iliteremka kuelekea skrini ili aliye nyuma asizibwe na kilemba cha aliye mbele. Hakukuwa na nguzo katikati, wala madirisha ya kuvujisha jua la alasiri. Sifa hizo hizo ndizo humkera mfanyabiashara anayetaka duka. Rafu hazisimami kwenye mteremko, basi hujaza kifusi, hutoboa kuta, hugawa ukumbi kwa mbao. Siku hiyo sinema imekufa kweli, hata kama bango la nje limehifadhiwa kwa ajili ya watalii.

Msiisingizie televisheni peke yake. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi 1973, na kumbi hazikufungwa siku ile. Baadaye zilikuja kanda za video, na pamoja nazo uzembe: bomba la paa lililoziba, kigae kilichopasuka, mvua ya masika moja baada ya nyingine. Wahenga walionya juu ya ufa. Sisi tuliungoja ufike darini. Mji huu una tamasha la filamu la kimataifa tangu 1998, na Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, lakini wageni wa tamasha wamezoea kutazama picha chini ya nyota, Ngome Kongwe. Kunapendeza, ila hilo lisiwe kisingizio.

Wapo wanaohangaika. Kundi la Hifadhi Zanzibar linapigania Majestic irudi kama kituo cha utamaduni. Kazi hazitakosekana: picha, taarab, maigizo, mikutano ya mtaa, mafunzo ya kamera, mahafali, hata harusi. Mteremko ule unazibeba zote bila kifusi.

Kwanza paa.