VIDEO ZA CHAMA: MAHALI PA KUFIFISHA PICHA NA MAHALI PA KUACHA



Siku hizi mikutano yetu haiishii katika daftari la katibu. Vijana wetu wa mashamba ya michikichi na wa mitambo ya mawese, kuanzia Kizuka mpaka Rumonge mjini, wanazo simu zinazopiga video. Baadhi yao wanajua kuunganisha video hizo kwa kompyuta, ili wenzao waliokuwa zamu nao waone yaliyosemwa. Jambo hilo ni jema. Lakini chombo chochote kinataka mwenye nacho akijue. Leo tutaeleza sehemu moja tu ya kazi hiyo, nayo ni kufifisha picha.

KUFIFISHA NI NINI?

Video ni picha nyingi zilizosimama, zinazopita upesi mbele ya macho, kwa kawaida 25 au 30 kila sekunde. Ukikata kipande kimoja na kuunga kingine, jicho linarushwa ghafla. Kufifisha ni kuziacha picha za mwisho ziingie giza pole pole, au picha za mwanzo zitoke gizani pole pole. Kompyuta hapo inafanya hesabu tu. Ukitaka giza liingie kwa sekunde moja yenye picha 25, kila picha inapunguziwa mwanga kama sehemu 4 katika 100.

Namna ya pili ni kuchanganya. Picha ya kwanza inafifia huku ya pili inatokea juu yake, bila giza katikati.

Ufundi huu si wa jana. Mfaransa Georges Méliès alichanganya picha hivyo katika sinema yake ya mwaka 1899. Siku zile mpiga picha alifunga tundu la kamera pole pole, akarudisha ukanda nyuma, kisha akapiga tena juu ya zile za kwanza huku akilifungua. Akikosea, ukanda umeharibika. Sisi tukikosea tunafuta na kuanza upya.

MAANA YAKE KWA MTAZAMAJI

Kila namna ina maana yake. Giza linamwambia mtazamaji kuwa jambo moja limekwisha na jingine linaanza. Kuchanganya kunamwambia kuwa muda umesonga au tumehama mahali, lakini habari ni ile ile.

Kwa mfano, mvunaji anakata mkungu wa chikichi shambani. Picha zinachanganyika, na sasa tunaona mawese mekundu yakitiririka mtamboni. Katikati kuna kupukuchua, kuchemsha, kuponda na kukamua, lakini mtazamaji ameelewa. Mfano wa pili: mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba za ufukweni Rumonge. Aliyepiga video siku ile, akarudi kusimama pale pale baada ya maji kushuka, anaweza kuchanganya picha hizo mbili na kuandika tarehe juu ya kila moja. Hapo hata asiyeujua ufukwe wetu ataona tofauti.

NAMNA YA KUFANYA

Kuna programu za bure za kazi hii, kama OpenShot na Kdenlive. Katika programu ya Kifaransa kufifisha huandikwa "fondu", na katika ya Kiingereza "fade".

1. Unapopiga video, anza sekunde tatu kabla ya mtu kusema, na usizime mpaka sekunde tatu zipite baada ya kumaliza. Kufifisha kunakula picha za mwanzo na za mwisho. Usipoweka akiba, kutakula maneno.

2. Panga vipande kwa kufuatana katika mstari wa wakati, chini ya skrini.

3. Kwa giza: katika Kdenlive, peleka mshale kwenye kona ya juu ya kipande, shika alama inayotokea, uivute kuelekea ndani. Katika OpenShot, bonyeza kipande kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha uchague kufifisha mwanzo au mwisho.

4. Kwa kuchanganya: katika OpenShot, sogeza kipande cha pili mpaka kilalie mwisho wa kile cha kwanza, katika mstari ule ule. Programu yenyewe itaweka mchanganyo mahali vilipolaliana.

5. Sauti ishughulikie peke yake. Picha inaweza kuzama gizani huku kelele ya mtambo inaendelea. Ifififishe nayo.

6. Sekunde moja inatosha kwa kawaida, na sekunde mbili kwa mwisho wa video. Ukififisha kila mahali, watu watachoka.

MAHALI PASIPOFIFISHWA

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uzito. Usifififishe kamwe katikati ya maneno ya mtu anayetoa ushahidi.

Mimi mwenyewe nimewahi kukosea. Tulitengeneza video juu ya wafanyakazi waliokuwa wakibeba mapipa ya mafuta ya moto bila glavu. Mama mmoja alisema kwa dakika nne. Tukaona ni nyingi, tukakata katikati, na kwa kupenda uzuri tukafunika mkato ule kwa giza la sekunde mbili. Tulipokaa na mwajiri, swali la kwanza halikuwa la glavu. Tuliulizwa: "Hapo penye giza alisema nini?"

Hakuwa amesema neno la kuficha. Alikuwa akieleza habari za mtoto wake mgonjwa. Lakini video ya asili tulikuwa tumekwisha kuifuta ili kupata nafasi katika simu, na hatukuwa na cha kuonyesha. Mazungumzo yakaahirishwa, na mama yule akaendelea kubeba kwa matambara.

Tangu siku hiyo tunafuata mambo matatu. Kwanza, ushahidi unaonyeshwa mzima. Ukiwa mrefu mno, tunaukata wazi wazi na kuandika kwenye skrini kuwa hapa pamekatwa, na ni dakika ngapi. Pili, kufifisha tunakuweka kati ya msemaji na msemaji, au kati ya mahali na mahali. Tatu, video ya asili haifutwi. Inawekwa katika vyombo viwili, kimoja kwa katibu na kingine kwa mweka hazina, pamoja na tarehe na mahali ilipopigwa.

Mwenye kujua kazi hii amfundishe mwenzake wa shamba la jirani. Na kabla ya kuionyesha video yoyote, mwiteni kwanza yule aliyesema ndani yake, aitazame mpaka mwisho.