Ufafanuzi Kuhusu Upimaji wa Diski za SSD kwa Kanzidata za Ofisi

Watumishi wa umma na wakazi wa Mtwara, Mikindani, Msimbati na vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma wanafahamishwa namna ya kupima diski za SSD, yaani hifadhi za kompyuta zisizo na sehemu inayozunguka, kabla hazijakabidhiwa kumbukumbu za leseni, viwanja au wagonjwa.

Diski ya kawaida ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kwa sekunde. Karani apokeapo ada ya leseni ya chombo cha uvuvi, kanzidata hungoja diski ithibitishe kuwa maandishi yamekwisha kukaa mahali pake. Miamala ikithibitishwa mmoja mmoja, diski hiyo haivuki sana 120 kwa sekunde. SSD haina mzunguko wa kungojwa.

Hata hivyo, kasi inayotangazwa kwenye kasha aghalabu ni ya kunakili faili moja kubwa, ilhali kanzidata huandika vipande vidogo vilivyotawanyika. Katika PostgreSQL kila ukurasa una kilobaiti 8. Kipimo cha dakika mbili nacho hudanganya. SSD nyingi za bei nafuu huanza kwa kishindo, kisha nafasi ya akiba ikijaa hulegea, hivyo yafaa zipimwe kwa saa kadhaa.

Jambo zito zaidi ni umeme, ambao gesi ya Ghuba ya Mnazi haijauzuia kukatika. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na HP Labs walitangaza kuwa, kati ya SSD 15 walizozikatia umeme makusudi, 13 zilionyesha kasoro. Baadhi zilipoteza hata maandishi zilizokwisha kuyathibitisha.

Jaribio hilo lawezekana ofisini, kwa kanzidata ya majaribio tu. Nambari huandikwa kwa mfuatano, kompyuta ya pili ikiweka kila nambari iliyothibitishwa, kisha waya wa umeme huchomolewa. Kompyuta ya pili ikionyesha 5,000 na diski 4,960, hizo ni leseni 40 zilizolipiwa na zisizoonekana. Jaribio hurudiwa mara nyingi, kwani kufaulu mara moja kwaweza kuwa bahati.

SSD zenye kapasita za kumalizia uandishi umeme ukatikapo ni ghali zaidi. Itakayoshindwa yaweza kupelekwa kwenye kompyuta ya kuandikia barua.