Sauti Tatu, Mikono Miwili

Anayeanza kujifunza piano huzoeshwa jambo moja mapema: mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unaitikia kwa chini. Siku anapofunguliwa ukurasa wa Johann Sebastian Bach, utaratibu huo unavunjika. Kila mkono una wimbo wake, na mara nyingi mkono mmoja umebebeshwa nyimbo mbili. Hapo wengi hukata tamaa wakidhani vidole vyao ni vizito. Nasema bila kusita kwamba tatizo halianzii vidoleni, linaanzia sikioni.

Bach alilijua hilo. Januari 1720, akiwa mjini Köthen, Ujerumani, alimfungulia mwanawe Wilhelm Friedemann, mtoto wa miaka 9, daftari la mazoezi. Vipande 30 vya daftari hilo alivinakili upya mwaka 1723: Invensheni 15 za sauti mbili na Sinfonia 15 za sauti tatu. Kwenye ukurasa wa mbele alieleza kusudi lake: mwanafunzi apige kwanza sauti mbili kwa usafi, kisha tatu, na zaidi ya yote ajifunze kupiga kwa namna ya kuimba. Neno hilo la kuimba husomwa haraka na kupitwa, ilhali ndilo kiini cha kazi nzima.

Piano yenyewe haisaidii sana. Ukibonyeza kibonye, nyundo hurushwa kuelekea kwenye waya, na kabla ya kuugonga imeshaachana na kidole chako. Kuanzia hapo sauti inafifia tu, huwezi kuikuza kama afanyavyo mwimbaji. Nota ndefu ya alto, sauti ya katikati, isipopewa uzito wa kutosha tangu mwanzo itazama chini ya nota fupi za soprano, sauti ya juu, kabla muda wake haujaisha. Hapsikodi, kinanda cha enzi za Bach, ilikuwa ngumu zaidi kwa upande huo, kwa sababu ilidonoa waya, na kukaza au kulegeza kidole hakukubadili ukubwa wa sauti kwa kiasi cha maana. Wapigaji walizitenganisha sauti kwa urefu: moja imeunganishwa, nyingine imeachiwa mapema kidogo. Ujuzi huo unafaa hadi leo, na anayetegemea nguvu peke yake ameacha nusu ya vifaa vyake kabatini.

Tuchukue mfano wa fugi, yaani kipande ambacho sauti zake huingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule: ile ya C maina kutoka kitabu cha kwanza cha mkusanyiko wa Bach, Das Wohltemperirte Clavier, cha mwaka 1722. Alto inaanza peke yake baada ya kimya kifupi. Katika kipimo cha 3 soprano inaingia na wimbo uleule, na hadi hapo kila mkono una sauti moja, mambo ni mepesi. Katika kipimo cha 7 besi, sauti ya chini, inaingia. Sasa mkono wa kushoto umeichukua besi, na wa kulia lazima ubebe alto na soprano pamoja. Soprano inakimbia juu kwa vidole dhaifu, cha nne na cha tano, na alto inaangukia upande wa dole gumba, ambalo kwa asili ni zito. Gumba likiachiwa uhuru, nota za alto zitachomoza moja moja bila mpangilio, na msikilizaji hatasikia wimbo wowote katikati.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni kuimba. Jifunze alto peke yake, kwa vidole vilevile utakavyovitumia baadaye, hata inapohama mkono. Halafu iimbe kwa mdomo huku ukipiga soprano na besi. Utashangaa. Vidole vinaweza kuendelea kwa mazoea hata akili ikiwa imepotea, lakini mdomo hauwezi. Alto ikikuponyoka, unanyamaza palepale, na umeshajua ni kipimo gani hukijui. Pia mdomo unahitaji pumzi, kwa hiyo unakulazimisha kuamua sentensi ya wimbo inaishia wapi. Ukimaliza alto, iimbe soprano, kisha besi, ukipandisha au kushusha oktavu inapokuwa nje ya uwezo wako.

Kuna zoezi jingine zuri: piga sauti zote tatu, lakini vibonye vya alto vishushe polepole mno hata visitoe sauti. Mkono unatimiza kazi yake yote, sikio linasikia mbili tu. Kisha geuza, mbili ziwe kimya na alto isikike.

Tabia moja inaniudhi kweli: kuigonga kwa nguvu sauti inayobeba wimbo mkuu kila inapoingia. Mara mbili za kwanza msikilizaji tayari ameutambua. Zilizobaki mwache asikie jinsi sauti nyingine zinavyoujibu, maana hizo nazo zinaimba.

Waliokulia kwenye kwaya za makanisa wana akiba kubwa hapa. Mwalimu wa kwaya hufundisha soprano, alto, teno na besi kila moja peke yake kabla ya kuziunganisha, na hakuna anayeiona besi kuwa kelele za chini. Walimu wa piano, nawaomba sana: msimruhusu mwanafunzi aunganishe mikono miwili katika Invensheni hata moja kabla hajaziimba sauti zote mbili, moja baada ya nyingine, mbele yenu.