Kumbukumbu ya Wakala wa Akili Bandia: Vitu, Mahusiano na Maelezo

Makala haya yanakusudia kueleza chombo kimoja kinachotumiwa siku hizi kuipa akili bandia kumbukumbu ya kudumu. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba jambo hilo linawahusu wanaisimu na wanahistoria wa Kiswahili, wala si wahandisi peke yao.

1. Tatizo lenyewe

Mfumo mkubwa wa lugha, yaani ule unaosoma na kuandika lugha za watu, kwa asili yake haukumbuki mazungumzo yaliyopita. Huyatumia maandishi yaliyowekwa mbele yake wakati ule tu. Mfumo huo ukipewa uwezo wa kutenda kazi kwa hatua, kama vile kutafuta nyaraka au kuendesha programu nyingine, huitwa wakala. Wakala asiye na kumbukumbu ni sawa na karani anayeingia ofisini kila asubuhi bila daftari la jana.

Mtu angeweza kufikiri kwamba yatosha kuhifadhi mazungumzo yote jinsi yalivyo. Lakini rundo hilo hukua upesi, na habari za jambo moja hutawanyika mahali pengi. Ndiyo maana watengenezaji kadhaa wamelirudia wazo ambalo M. Ross Quillian alilieleza katika miaka ya 1960: mtandao wa maana, ambamo maarifa ni nukta zilizounganishwa kwa viungo vyenye majina.

2. Jinsi chombo kinavyofanya kazi

Mfano ulio wazi ni chombo cha kumbukumbu kilichotolewa pamoja na Model Context Protocol, itifaki iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic ya Marekani mwezi wa Novemba 2024. Chombo hicho hupokea habari za aina tatu tu:

(a) Kitu: mtu, mahali, taasisi au tukio. Kila kitu kina jina lisilorudiwa, na aina yake hutajwa.
(b) Uhusiano: kiungo kinachotoka kwenye kitu kimoja kwenda kingine, nacho hutajwa kwa kauli ya kutenda.
(c) Maelezo: sentensi fupi zinazoambatanishwa na kitu, kila moja ikibeba jambo moja.

Tuchukue habari hii: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianza kujitegemea mwaka 1981, UNAZA ilipogawanywa. Vitu ni vitatu: Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNAZA na mji wa Lubumbashi. Mahusiano ni mawili: Chuo «kiko katika» Lubumbashi, Chuo «kilirithi» UNAZA. Mwaka 1981 huandikwa katika maelezo ya Chuo.

Wakala huweza kuongeza, kufuta, kutafuta, au kuusoma mtandao mzima. Kitu kikifutwa, viungo vyake hufutika pamoja nacho. Yote huhifadhiwa katika faili la maandishi ambalo mtu huweza kulifungua na kulisoma mwenyewe. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu kosa huonekana na huweza kusahihishwa, jambo lisilowezekana kwa urahisi juu ya maarifa yaliyofichika ndani ya mfumo wenyewe.

3. Ulinganisho na lukasa

Wasomaji wa Katanga wanaijua lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Waluba, uliotunzwa na wanachama wa Mbudye. Shanga na makombe yaliyopangwa juu yake yalimsaidia msomaji kusimulia habari za wafalme, koo na safari. Hapo nako maarifa yalipangwa kwa nukta na nafasi zake. Tofauti ni kwamba lukasa haikusema kitu bila mtu aliyefunzwa kuisoma. Maana ya kiungo kati ya shanga mbili ilikaa katika elimu yake. Katika chombo tunachokieleza, maana hiyo hukaa katika neno lililoandikwa juu ya kiungo. Neno likiwa pungufu, hakuna mzee atakayelikamilisha.

4. Mitego mitatu kwa Kiswahili

Mtego wa kwanza ni majina. Lubumbashi iliitwa Élisabethville hadi mwaka 1966. Majina yote mawili yakiingizwa bila uangalifu, wakala atakuwa na miji miwili. Inafaa kuchagua jina moja, na kuliandika la pili katika maelezo pamoja na mwaka wake.

Mtego wa pili ni ngeli. Katika umbo lake la msingi, chombo hiki hutafuta kwa kulinganisha herufi. Anayetafuta «mfalme» hatapata sentensi yenye «wafalme» tu. Afadhali kutafuta kwa shina: «falme» hupatikana katika mfalme, wafalme na ufalme, «andik» katika aliandika na waliandika.

Mtego wa tatu ndio mzito kuliko yote, nao ni undugu. Neno la Kifaransa «oncle» humtaja ndugu wa baba na ndugu wa mama bila kuwatofautisha. Kiswahili hutofautisha baba mdogo, baba mkubwa na mjomba. Miongoni mwa Wabemba, wanaofuata ukoo wa mama, cheo cha mjomba huweza kumfikia mpwa wake, mwana wa dada. Masimulizi ya wazee yakihifadhiwa kwa kiungo «oncle», njia ya urithi hupotea, na wakala akiulizwa nani alistahili kurithi huweza kujibu vibaya bila kusita. Kwa kuwa chombo hukubali neno lolote tutakalolipa, lawama haitakuwa yake.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba chombo chenyewe ni chepesi: vitu, mahusiano na maelezo. Kazi ngumu ni kuchagua maneno ya mahusiano, nayo si kazi ya mhandisi. Idara za lugha na za historia zinaweza kuianza sasa, hata kwa karatasi na kalamu: kuorodhesha viungo vya undugu, vya utawala na vya mahali katika Kiswahili, na kukubaliana juu ya maana ya kila kimoja kabla ya kuyakabidhi masimulizi ya wazee kwa kompyuta.