Serikali Mbili, Timu Tatu

Feisal Salum, kiungo mzaliwa wa Zanzibar, amewahi kuvaa jezi za timu mbili za taifa. Katika mashindano ya CECAFA amecheza na Zanzibar Heroes. Kwenye AFCON amecheza na Taifa Stars. Hakubadili uraia wala pasipoti. Kila mwaka ninapopokea wanafunzi wapya wa sayansi ya siasa huanza na huyu, kwa sababu darasa zima linamjua na kila mmoja ana jibu lake kuhusu taifa lake ni lipi. Kelele zikipoa naandika ubaoni maneno manne: nchi, dola, serikali, taifa. Nawaambia wayatenganishe. Wengi hukwama, na siwalaumu. Mtaani maneno haya huazimana nguo.

Serikali ndiyo nyepesi. Neno lina asili ya Kiajemi, sar ni kichwa na kar ni kazi, kwa hiyo tangu mwanzo linamhusu anayesimamia kazi. Kitaalamu napo haliendi mbali na hapo: serikali ni watu walioko kazini kwa sasa pamoja na ofisi zao. Wanakuja, wanaondoka. Dola ndiyo inayobaki. Mtu aliyekata pasipoti mwaka 2014, Jakaya Kikwete akiwa Ikulu, hakuambiwa airudishe Novemba 2015 John Magufuli alipoapishwa. Madeni ni hivyo hivyo: aliyesaini mkopo amestaafu, mjukuu wake analipa. Tunaliita deni la taifa, lakini taifa halina mkono wa kusaini. Lile ni deni la dola. Hata Umoja wa Mataifa, ukiuchunguza, ni umoja wa dola. Wakurdi ni taifa kubwa lililosambaa Uturuki, Iraki, Irani na Siria, na hawana kiti pale.

Neno dola nalo lina kichekesho chake. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu kuzunguka na kupokezana, na dawla ilikuwa zamu ya ukoo fulani kushika utawala. Leo tumelipa kazi ya kutaja kile kisichopokezana. (Wanaokaa nyuma hudhani nazungumzia noti za Kimarekani. Nimeshazoea.)

Maelezo ya dola yanayotajwa zaidi darasani ni ya Max Weber. Aliyatoa katika mhadhara mjini Munich, Januari 1919, Ujerumani ikiwa imetoka kushindwa vita na mji wenyewe ukiwa katikati ya mapinduzi. Alisema, kwa ufupi, kwamba dola ni jumuiya ambayo ndani ya mipaka yake inadai kuwa yenyewe tu ndiyo yenye haki ya kutumia nguvu, na dai lake likakubalika. Mlinzi wa benki ana bunduki na sungusungu wana fimbo, lakini wote wanazishika kwa kuruhusiwa. Waandishi wetu wa habari wameinasa hoja hii, pengine bila kumsoma Weber: polisi na jeshi wanawaita vyombo vya dola, ilhali hospitali ni ya serikali. Sijapata kusikia mtu akisema zahanati ya dola.

Hapo kwenye "haki" ndipo pa kukazia macho. Jambazi naye ana nguvu, na usiku wa manane unamtii. Ila ukimpa simu yako hukubali kwamba anastahili kuichukua. Unapomtii hakimu usiyempenda, kuna kitu cha ziada kinachokusukuma, na wanasayansi wa siasa wanakiita uhalali. Weber aliona unachimbuka penye visima vitatu: mazoea ya tangu mababu, mvuto wa mtu mwenyewe, na sheria. Mara nyingi maji yake huchanganyika. Julius Nyerere alikuwa na mvuto, na alikuwa na katiba pia. Ni vigumu kusema watu walitii kipi. Aling'atuka 1985, Ali Hassan Mwinyi akaingia, na karani wa posta akaendelea kugonga mihuri yake kama jana. Kwa mwalimu wa siasa siku hiyo ina utamu kuliko hotuba yoyote, maana ilionyesha kwamba kisima cha tatu kilikuwa na maji.

Sasa nchi, neno lenye utelezi kuliko yote. Tunasema nchi kavu tukimaanisha ardhi, mwananchi tukimaanisha mtu, nchi za nje tukimaanisha dola. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitamka bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na visiwani pakawaka. Katiba ya Muungano ya 1977 inafungua kwa kusema Tanzania ni nchi moja. Katiba ya Zanzibar, ilivyorekebishwa 2010, inasema Zanzibar ni nchi, na ni moja kati ya mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Wasomi wawili wanaweza kukesha wakirushiana ibara hizo, na kila mmoja akaondoka na ushindi, kwa sababu hawabishani juu ya kitu kimoja.

Uliza swali kwa neno dola, ubishi unapungua. Mkataba uliosainiwa Montevideo, Uruguay, mwaka 1933 uliitaka dola iwe na vitu vinne: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia uhusiano na dola nyingine. Zanzibar ina watu, ina visiwa, ina serikali yenye Rais na Baraza la Wawakilishi, na tangu 2005 ina bendera yake. La nne ililiingiza kwenye Muungano tarehe 26 Aprili 1964. Mwishoni mwa 1992 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na mwaka uliofuata ikalazimika kujitoa, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Polisi na jeshi vilevile ni vya Muungano. SMZ imebaki na idara zake maalum kama KMKM, JKU na Chuo cha Mafunzo, ambazo mpenzi wa ligi ya Zanzibar anazifahamu zaidi kwa timu zao za mpira.

Kwa hiyo dola moja, serikali mbili. Tume ya katiba ya Jaji Joseph Warioba ilipopendekeza serikali tatu mwaka 2013, wapo waliosikia "dola tatu", na mjadala ukaharibika hapo hapo. Mpira, kwa namna yake, ulishafika huko zamani: Kilimanjaro Stars ya Bara, Zanzibar Heroes, na Taifa Stars ya wote.

Machi 2017 CAF iliipa Zanzibar uanachama kamili. Julai ikaufuta, ikisema haiwezi kuwa na mashirikisho mawili kutoka nchi moja. Walikuwa na maana ya dola, nao wakasema nchi. Desemba ya mwaka ule ule Zanzibar Heroes walikwenda CECAFA nchini Kenya, wakaifunga Tanzania Bara kwenye makundi, wakafika fainali Machakos na kushindwa na wenyeji kwa penalti.

Na taifa? Hili halipimwi kwa mkataba. Benedict Anderson, katika kitabu chake cha 1983, alilieleza kama jumuiya inayoishi kwanza katika fikra: watu ambao hawatakutana maisha yao yote, lakini kila mmoja anaamini wengine wapo na ni wenzake. Lugha hulijenga, magazeti hulijenga, redio, wimbo wa asubuhi shuleni, na dakika tisini za mpira.

Mwaka mmoja kijana wa Kipemba alisimama akaniuliza, "Sasa mwalimu, mie taifa langu lipi?" Nikamuuliza siku ile Heroes walipocheza na Bara alimshangilia nani. Akacheka. Nikamuuliza, na Taifa Stars wakicheza na Uganda? Akacheka tena, akakaa.