Aljebra Nyuma ya Bahasha
Mimi ni mkalimani wa shule huku Kentucky, Marekani. Juzi nilikaa na kijana wa miaka 16, Mkongomani aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Kapangwa darasa la tisa kwa umri wake, si kwa alichosoma. Karatasi yake ya aljebra ilikuwa tupu; nilipomsomea swali kwa Kiswahili akalitatua chapuchapu nyuma ya bahasha. Mwalimu, maskini, alikuwa akimpazia sauti kama kiziwi.

Mama yake akaniuliza: "Dada, shida ni lugha ao ni rangi yetu?"

Nikamweleza kuwa mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani iliegemea Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964: kumpa mtoto vitabu vilevile kwa lugha asiyoielewa si usawa.

Nikaandika barua ya kudai masomo ya lugha. Mama akatia dole gumba.