Je, Wajua? Na Kichanga Njiani Kwenda Karagwe

Desemba ikikaribia, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis hujaa watu wa Kagera, kila mmoja na begi lake, na wengi wakiwa na mzigo wa ziada unaopumua na kupiga chafya. Mjukuu hajaonwa na bibi yake, na bibi yuko Karagwe au Kyerwa, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka baharini. Safari hiyo nimeifanya na kichanga mara mbili. Haya niliyaokota njiani, mengine niliyasoma mtoto alipolala.

Je, wajua kwamba hadi Oktoba 2023 safari hii ililazimu kulala njiani? Kwa takriban miaka 30 mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, na basi la Dar es Salaam kwenda Bukoba lilikuwa likigota Kahama. Wenye uwezo walitafuta gesti, wengine walijikunja vitini, na wenye vichanga walihangaika kutafuta maji ya moto. Ruhusa ya saa 24 ilipotoka watu walishangilia. Mimi niliikumbuka Kahama kwa upole: ndiyo sehemu pekee ya safari ambapo mwanangu wa kwanza alilala akiwa amenyooka.

Je, wajua kwa nini mtoto aliyelala fofofo tangu Singida huamka basi likisimama tu mizani? Watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba mtoto mchanga akibebwa na mtu anayetembea, mapigo ya moyo wake hupungua na kilio hukoma. Mbebaji akikaa, kilio hurudi. Watoto wa panya nao hutulia vivyo hivyo mama yao akiwahamisha. Mwaka 2022 watafiti wakatoa maelekezo kamili: tembea naye dakika tano bila kusimama, akisinzia kaa naye tena dakika tano hadi nane, ndipo umlaze. Ndani ya basi lililojaa magunia ujiani, ushauri huo usome tu kwa kujiburudisha.

Je, wajua kwamba mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji hata tone la maji, hata jua la Shinyanga likiwaka? Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Akinyonya mara nyingi zaidi, kiu imekwisha. Anayehitaji chupa ya maji ni anayenyonyesha, na huyo ndiye husahaulika, kwa kuwa naye anaogopa kuomba basi lisimame kila saa akajisaidie.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne katika joto la kawaida la chumba. Basi lililoegeshwa juani si chumba.

Je, wajua kwamba watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kutapika kwa sababu ya mwendo wa gari? Kichefuchefu cha safari huanza kuonekana baadaye na huzidi katika umri wa shule. Wataalamu huhusisha jambo hilo na macho na sikio la ndani, ambavyo kwa mtoto asiyetembea bado havijaanza kubishana. Kwenye safari yangu ya pili aliyetapika ni mume wangu. Mtoto alimtazama akacheka.

Je, wajua kwamba nyanda za Karagwe zina mwinuko wa mita 1,500 hivi, na zaidi kwenye vilima? Ukitoka bonde la Mto Kagera pale Kyaka kuelekea Kayanga, mji wa Karagwe, barabara inapanda, masikio yanaziba. Mtu mzima humeza mate. Mtoto mpe ziwa, kwa kuwa kunyonya ni kumeza, na kumeza hufungua njia ya hewa ya sikio. Halafu andaa sweta. Waliozaliwa Dar es Salaam hukutana na baridi ya Karagwe wakiwa na fulana moja, na bibi huona hapo hapo kwamba mkwe wake hajui kulea.

Je, wajua kwamba kiti cha mtoto cha gari ni binamu wa chombo cha anga? Mwaka 1964 Msweden Bertil Aldman alibuni kiti kinachomwelekeza mtoto nyuma ya gari, baada ya kuona wanaanga wa Marekani wa mradi wa Gemini walivyolazwa chali ili mgongo mzima upokee msukumo. Kichwa cha kichanga ni robo ya urefu wake. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja kwa saba au nane. Gari likigonga, kichwa hicho kizito huvutwa mbele juu ya shingo laini kama mgomba mchanga. Akitazama nyuma, kiti kinabeba shingo.

Hapa naomba tusidanganyane. Sisi humpakata. Twasema mikono ya mama haimwachii mtoto. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, mgongano huo ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mti wa mita 10, na hakuna mama anayeruka kutoka juu ya mparachichi akiwa na mwana akitegemea mikono yake. Shirika la Afya Duniani linasema viti hivi hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa zaidi ya nusu. Ukiwa na gari lako, au la kuazima, kiti ndicho kitu cha kwanza kupakiwa, kabla ya zawadi za wakwe. Ndani ya basi jifunge mkanda wewe, mtoto abaki nje ya mkanda huo: mkanda mmoja ukiwazunguka wote wawili, mtoto ndiye anakuwa mto wa kukukinga wewe. Na ile michomoko, teksi ndogo za Omurushaka, nyuma wanne na mbele wawili pamoja na dereva, sina la kuifundisha. Kama una hiari, subiri inayofuata.

Je, wajua kwamba mbeleko imetetewa na madaktari wa mifupa? Mtoto anayebebwa mgongoni hukaa kama chura, mapaja yamepanuka na magoti yamekunjwa, na mkao huo huipa nyonga nafasi ya kukomaa. Hospitali moja ya Blantyre, Malawi, ilipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 40,000 waliohudumiwa kati ya 2002 na 2012, na haikukuta hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga isiyokaa sawa tangu kuzaliwa, tatizo ambalo Ulaya ni la kawaida. Kwa hiyo ukishuka kwenye gari, mfunge mgongoni. Mbeleko ni ya miguu, kiti ni cha magurudumu. Ugomvi huanza tunapovibadilishana.

Ng'ambo ya Mto Kagera, Wanyarwanda huita kibebeo cha mtoto ingobyi. Neno hilo hilo ni la machela ya kumbebea mgonjwa. Kwa Wanyankole na Wakiga wa Uganda ni engozi. Kwa hiyo mtu huanza safari na kitu kimoja, na akizidiwa uzeeni hubebwa na kitu cha jina lile lile. Safari yenyewe kwa Kinyambo, lugha ya Karagwe, ni orugendo.

Je, wajua kwamba mmoja wa watoto maarufu waliowahi kupita Karagwe aliitwa Ferida? Mwaka 1889 mpelelezi Henry Morton Stanley alikuwa akimrudisha pwani Emin Pasha, gavana wa Kijerumani aliyekwama kusini mwa Sudan baada ya vita vya Mahdi. Msafara ulitoka karibu na Ziwa Albert mwezi Aprili, ukapita Ankole, ukaingia Karagwe katikati ya mwaka. Stanley njia aliijua. Mwaka 1876 alishakaribishwa huko na Mfalme Rumanyika, yule yule aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861. Safari hii alikuwa na mamia ya watu, wakiwemo wanawake wengi na watoto, na kati yao binti mdogo wa Emin, aliyezaliwa na mama wa Kihabeshi. Desemba 4 walifika Bagamoyo. Mtoto salama. Usiku huo huo kwenye karamu ya kuwapokea, baba yake, aliyestahimili safari yote hiyo, alianguka kutoka ghorofani akapasuka fuvu. Alipona. Ferida baadaye alilelewa Ujerumani na shangazi yake.

Je, wajua kwamba daraja la Kyaka lililipuliwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda mwezi Novemba 1978? Leo basi hulivuka kabla mtoto hajamaliza kupiga mwayo, kisha lami inaendelea karibu kilomita 60 hadi Bugene.

Na mwishoni mwa Aprili 1994, katika daraja la Rusumo huko Ngara, UNHCR ilikadiria kuwa Wanyarwanda 250,000 waliokimbia vita walivuka kuingia Tanzania ndani ya saa 24 hivi. Wengine waliingia Karagwe, na kambi zikafunguliwa, Chabalisa mojawapo. Hakuna anayejua ni vichanga wangapi walikuwa migongoni.

Je, wajua kwamba mtoto anayepelekwa Kyerwa anaweza kupita jirani na hifadhi tatu za taifa zilizozaliwa mwaka mmoja? Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliungana kuwa Burigi-Chato. Lile la Rumanyika likawa Rumanyika-Karagwe, na Ibanda likawa Ibanda-Kyerwa. Watu wazima wanayakumbuka mapori hayo kwa sababu nyingine: kwa hofu ya majambazi mabasi yalisubiriana, yakasindikizwa na polisi wenye bunduki, na mama mwenye mtoto mliaji alitazamwa vibaya. Wilaya ya Kyerwa yenyewe ni changa, ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Wanaotokea Mwanza nao wamepumua: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko.

Je, wajua kwamba asali ya njiani, ile ya chupa za maji, ni mwiko kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja? Inaweza kubeba mbegu za vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, ila ndani ya utumbo wa kichanga huota na kutoa sumu ya kulegeza misuli. Mwambie bibi mapema, kwa adabu, asije akamlambisha kwa kidole mbele ya wageni.

Kadi ya kliniki ibebe. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 na ile ya surua ya miezi 9 hutolewa kituo chochote cha serikali nchini, Kayanga kama Temeke. Chandarua pia: Kagera na malaria ni majirani wa siku nyingi.

Pampasi? Jina limetoka kwenye bidhaa moja ya Marekani ya mwaka 1961, sasa sisi huita hivyo hata zisizo zake. Hesabu unazodhani zinatosha, ongeza nusu. Vumbi jekundu la barabara ya Murongo halina huruma na nepi nyeupe.

Mwaka jana tulishuka Nkwenda, Kyerwa, jioni, mtoto akilia tangu Omurushaka. Mama mkwe hakuuliza habari za safari. Alimchukua, akamfunga mgongoni kwa kitenge, akaingia naye migombani akitembea taratibu. Nilitazama saa kwa sababu ya wale Wajapani. Dakika ya nne kilio kilikatika. Alirudi, akaketi kwenye kigoda bila kumfungua, akaanza kumenya ndizi, na hakumlaza hadi sufuria ilipoinjikwa.